Mlete na Simu Yake

Wadha alitoka ofisini Al Khuwair, mjini Maskati, jua likiwa linagusa vichwa vya majabali. Saa kama ile kwa kawaida angeingia barabara kuu akaenda moja kwa moja nyumbani kwake Ansab. Jioni ile hakwenda Ansab. Alikata kuingia Madinat Sultan Qaboos, kwenye nyumba ya wazee wake, akachukue mzigo wa mwisho.

Nyumba ilikuwa imeshauzwa. Asubuhi ya pili mnunuzi angekabidhiwa funguo, na wala hakuficha kuwa ataivunja ajenge nyengine. Vitanda, makabati, mazulia, vyote vilikwishahamishwa. Vilibaki meza na kiti tu, na juu ya meza kitu kimoja ambacho mama yake, Bi Bakhita, hakukubali mchukuzi yeyote akiguse.

Kompyuta kongwe ya Samir.

Samir alikuwa kaka yake Wadha, mtoto wa kwanza, na Wadha wa mwisho. Alikufa maji zamani, siku wadi ya upande wa Ansab, mto ule usio na maji ila mvua ikinyesha, ilipoteremka ghafla, wakati Ansab yenyewe bado mawe matupu na miti ya miiba.

Asubuhi ya siku ile, Wadha akivaa viatu kwenda kazini, Bi Bakhita, aliyekuwa akiishi naye Ansab, alimfuata mpaka mlangoni. Alikuwa akitembea kwa fimbo, na mkono wake mwengine ukatafuta bega la mwanawe.

"Wadha, mwanangu. Usisahau. Mlete na simu yake."

"Ntaileta, mama."

"Mlete taratibu. Usimbabaishe. Na chumba changu nshakitengeneza, ntamweka pale pembeni ya kitanda."

Njiani Wadha aliyarudia maneno yale. Mlete. Usimbabaishe. Kompyuta haisemwi hivyo. Na Bi Bakhita alizaliwa Unguja, akalelewa Unguja, Kiswahili chake hakikuwa na doa. Wadha akajiambia ni uzee tu.

Alifika adhana ya Maghrib ikianza kwenye msikiti wa jirani. Akafungua lango, akafungua mlango mkubwa, akawasha taa ya ukumbini. Nyumba tupu ilimrudishia mlio wa viatu vyake.

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu.

Si ya vumbi. Nyumba iliyofungwa Maskati hunuka vumbi na joto. Hii ilikuwa harufu ya tope. Tope bichi, la mawe na majani yaliyooza, kama wadi inavyonuka maji yakishapita. Na mvua haikuwa imenyesha tangu mwaka uliopita.

Akafungua bomba la jikoni, likakohoa, kavu. Maji yalikuwa yamekwishakatwa. Akapandisha ngazi.

Chumba cha Samir kilikuwa kama kilivyokuwa siku zote. Meza, kiti, dirisha la kutazama majabali. Juu ya meza kompyuta imefunikwa kanga, pembeni yake simu ya mezani ya rangi ya maziwa, na kati yao kile kisanduku cheusi chenye vikombe viwili vya mpira. Modemu.

Alipokuwa mdogo Wadha alikipenda kisanduku kile kuliko mwanasesere. Samir alikuja nacho kutoka masomoni, siku ambazo Maskati mtu akikutajia kompyuta ulidhani ni kitu cha wizarani. Mchana, Wadha akirudi skuli, Samir humpigia kutoka kazini kwake. Wadha hunyanyua mkono wa simu, akasikia mluzi mkali, kama ndege na bati linalokwaruzwa kwa pamoja. Basi huulaza mkono wa simu kwenye vile vikombe, sikio kwenye kikombe kimoja, mdomo kwenye cha pili, na mashine mbili zikapigiana miluzi. Kisha kwenye kioo cheusi hutokea herufi za kijani, moja baada ya moja, kama mtu anayekuja polepole.

WADHA UPO

Naye, kwa kidole kimoja, huzitafuta herufi mpaka akazipata.

NIPO

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao. Kakwambiani mwalimu leo. Mama kapika nini. Samir akifundisha na Wadha akijifunza, mpaka siku ile ya wadi.

Mwili ulipatikana maji yalipopungua. Uso ulikuwa hautazamiki. Baba yao, Mzee Marhoon, ndiye aliyekwenda kumtambua, na Samir akazikwa siku ileile. Bi Bakhita hakuonyeshwa. Alipoambiwa keshazikwa, alisema neno moja na hakulibadilisha maisha yake yote.

"Mliyemzika siye. Mlichozika gogo. Mwanangu kachukuliwa."

Kwa Waoman ana jina mtu wa namna hiyo. Mghaibu. Watu humdhania kafa, kumbe wachawi wamemficha, wanamtumikisha, na kaburini wameacha kitu kilichovishwa sura yake. Unguja nako masimulizi hayo yapo. Bi Bakhita aliyapata pande zote mbili, na yakamganda. Hakukaa kilio. Hakukanyaga kaburini. Na kila Alkhamisi baada ya Alasiri, hata baada ya kuhamia kwa Wadha, alikuwa lazima apelekwe nyumba ya zamani, apandishwe ngazi, aachwe peke yake chumbani kwa Samir. Alisema anamsomea Yasini. Alishika pia kuwa simu ya nyumba ile isikatwe. Watu wakamwacha. Mama aliyefiwa huachwa.

Wadha alivuta kanga.

Kioo kilikuwa kinawaka.

Hakikuwa na maandishi. Ni kijani hafifu tu, na kidoti kimoja pembeni, kinachezacheza. Wadha akatazama plagi. Imechomekwa ukutani. Akaweka kiganja juu ya mashine. Ilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka kutumika sasa hivi.

"Mama huyu," alinong'ona. "Kumbe huiwasha."

Akainama kutafuta waya wa umeme.

Simu ikalia.

Ililia kwa kengele ile ya zamani, ya chuma, mpaka meza ikatetemeka. Wadha alibaki ameinama. Hakuna aliyekuwa na namba ile. Hata yeye alikuwa ameisahau. Kengele ikalia, ikanyamaza, ikalia tena.

Akanyanyua.

"Alo?"

Mluzi.

Ule ule. Mkali, wa juu, kisha ukashuka, ukakwaruza. Akarudisha mkono wa simu mahali pake.

Kimya.

Halafu kengele tena.

Watu walimuuliza baadaye kwa nini hakukimbia. Yeye mwenyewe alisema tu kwamba mikono ilikumbuka kabla ya kichwa. Mikono iliunyanyua mkono wa simu ikaulaza kwenye vikombe vya mpira, kama ilivyofundishwa. Mashine ikajibu mluzi kwa mluzi. Kisha miluzi yote miwili ikatulia.

Na herufi zikaanza kuja.

W... A... D... H... A...

WADHA UPO

Alikaa kitini. Akaandika.

NANI

MIMI

NANI WEWE

SAMIR. UMEKUWA MKUBWA. MAMA KANIAMBIA UNA BINTI. REEM

Wadha akaguna. Akajikumbusha yeye ni mtu wa ofisi, kila siku anasikia habari za matapeli wa mitandaoni. Akaandika kwa haraka.

KAMA WEWE SAMIR ULIKUWA UKINIITAJE

Kidoti kikacheza kidogo tu.

KUNGUMANGA

Wadha aliweka mkono mdomoni. Kungumanga. Hakuna mtu duniani aliyemwita hivyo ila Samir, kwa sababu alikuwa mdogo, mweusi kidogo, na mkali. Tangu wadi ile hajaitwa tena.

NIKO NJE WADHA. NIKO NJE ZAMANI. BARIDI

UKO WAPI

NJE. WANATUWEKA. KUNA MAJI. NYUMBA HII IKIVUNJWA SINA PA KUPITIA

Harufu ya tope ilikuwa imejaa chumbani sasa. Alihisi ladha yake ulimini.

HODI

Neno likabaki peke yake katikati ya kioo. Wadha alilitazama. Akatoa simu yake ya mkononi, akapiga nyumbani. Alipokea Reem, bintiye.

"Mama? Mbona unahema?"

"Nipe bibi yako. Upesi."

Alisikia fimbo ikigonga sakafu. Kisha pumzi ya Bi Bakhita, karibu, kama aliyekuwa akingoja.

"Kashakupigia?" Bi Bakhita alinong'ona.

"Mama... nani huyu?"

"Kaka yako. Alhamdulillahi. Kashakupigia."

"Mama, wewe hujui kusoma herufi hizi. Unazungumza naye vipi?"

"Nnasoma nini? Mie nnamsikia. Nyie mnasikia kelele, mie nnamsikia mwanangu. Miaka hii yote nnaweka sikio, namwambia habari zenu, naye ananijibu." Sauti yake ikashuka. "Skiza, Wadha. Nyumba ile inavunjwa. Lazima aje kwetu. Mie nshamkaribisha, nimemkaribisha kwa kinywa changu. Kaniambia haitoshi, nyumba ya Ansab si yangu, ni yako. Lazima useme wewe."

"Niseme nini?"

"Karibu. Neno moja tu. Mwambie karibu, mwanangu. Unanikatalia hilo?"

Bi Bakhita akaanza kulia. Wadha hakuwahi kumsikia akilia. Hata siku ile ya wadi hakulia. Wadha akaiweka simu ya mkononi juu ya meza bila kuikata.

Kioo kikaandika.

HODI

Alimtaka. Hilo lazima lisemwe. Alimtaka kaka yake arudi, akae sebuleni Ansab, anywe kahawa, amuone Reem. Maisha yake yote alikuwa ameishi katika nyumba yenye mtu mmoja pungufu. Kidole chake kikaenda kwenye herufi.

K

A

R

Kidoti kilikuwa kinacheza kwa kasi sasa. Mwenye kuandika upande wa pili alikuwa anangoja, na ule ungojaji ulisikika, kama mtu anayehema nyuma ya mlango. Hapo ndipo Wadha aliposita. Samir hakuwa na papara. Samir alikuwa anaweza kungoja mchana mzima Wadha atafute herufi moja.

Akafuta. Herufi tatu zikaondoka.

Akaandika:

SIKU ILE ULIPOTOKA ULICHUKUA NINI KWANGU

Siku ile Wadha alikuwa ameng'oka jino la pembeni. Samir yuko mlangoni, funguo za gari mkononi, anatoka. Wadha akamkimbilia kumwonyesha. Samir akalitwaa, akalitia mfukoni mwa dishdasha, kanzu yake, akamwambia kwa kunong'ona kuwa atalitupa kwenye mawe ya wadi, ili litakaloota liwe gumu kama jabali. Hawakuwepo wengine. Akambonyeza pua, akaenda zake.

Jioni ya maziko Mzee Marhoon alimwita Wadha chini ya ngazi. Akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na jino dogo.

"Hili la nani?" aliuliza.

Wadha akafungua mdomo, akamwonyesha pengo.

Mzee Marhoon akafumba kiganja, akaegemea ukuta, mabega yakamtikisika. "Lilikuwa mfukoni mwake," alisema. "Mama yako usimwambie leo. Leo hawezi. Tutamwambia akitulia." Bi Bakhita hakutulia. Mzee Marhoon akafa, na Wadha, kila alipoikumbuka ahadi ile, aliona ni ukatili kumnyang'anya mama tumaini alilobaki nalo. Neno la jino halikusemwa tena. Si sebuleni, si kwa simu.

Sasa kioo kilikuwa kimya.

Kidoti kikacheza. Kikasimama. Kikacheza.

NIAMBIE WEWE

WEWE NDIYE UNAYEJUA, Wadha aliandika. SEMA

KOFIA

SIYO

BUSU

SIYO

PICHA. KALAMU. KITABU. PIPI. SAA. KIATU

Maneno yalikuja mbio, si herufi moja moja tena. Yalikuja kama mtu mwenye fungu la funguo za wizi anayejaribu kila moja kwenye kitasa. Wadha alisukuma kiti nyuma. Hapo alielewa. Kitu kile kilijua jina la Reem kwa sababu Bi Bakhita alilisema kwenye simu. Kilijua Kungumanga kwa sababu Samir alikuwa akiliandika kupitia waya uleule. Kilijua yale tu yaliyopita kwenye waya. Kilikuwa kimekaa humo, kikisikiliza, kikimeza neno baada ya neno, mpaka kikajitengenezea mtu.

Lakini jino halikupita kwenye waya. Jino lilirudi na maiti. Na maiti ilikuwa ya Samir.

"Wewe siye," alisema kwa sauti.

Kioo kikajaa.

HODI HODI HODI HODI HODI HODI HODI HODI

Wadha akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu, akachanganya, akaanza upya. Mluzi ndani ya vikombe vya mpira ukakatika. Badala yake kukatoka sauti ya mtu.

Ya mwanamke.

"...zini... niko kazini, mama..."

Sauti yake mwenyewe. Ya zamani, ya ujana wake, siku alipokuwa akipiga simu nyumbani.

"...habari zenu... habari... bari... ri..."

"Asubuhi... subuhi... bu... bu..."

Kilikuwa kinachagua. Kinakata vipande.

"Ka... zini. Ka. Ka... ri..."

Wadha alirukia waya wa simu ukutani, akauvuta kwa mikono miwili. Haukutoka. Akaweka mguu ukutani, akavuta tena, na kijisanduku kizima kikang'oka na plasta, naye akaanguka chali.

Kimya.

Kioo kikazimika chenyewe.

Alibaki sakafuni, anahema, harufu ya tope puani, kiza kimeshaingia dirishani. Simu ya mkononi juu ya meza ilikuwa imekatika. Akasikiliza nyumba. Hakuna kitu... hakuna kitu...

Chini, mlango mkubwa ulifunguka.

Hatua ukumbini. Nzito. Zikafika ngazi. Zikaanza kupanda, na kila hatua ikitoa mlio wa viatu vilivyorowa. Chwa. Chwa. Wadha alisogea kwa mgongo mpaka akagusa ukuta.

Mtu akasimama mlangoni.

"Wadha?"

Alikuwa Khalil, mumewe. Reem alikuwa amempigia kumwambia kuwa bibi analia na mama hajibu, na yeye alikuwa hapo karibu, akitoka kazini.

"Kheri? Mbona uko chini? Umeanguka?"

Wadha alimshika miguu, kisha mikono, kisha uso, kumhakikisha. Alikuwa mtu. Wa moto, mwenye jasho, anayenuka udi wa asubuhi.

"Na huko chini bomba limepasuka?" Khalil aliuliza. "Ukumbi mzima tope. Nimekaribia kuteleza." Alimtazama mkewe kwa makini, akawa kama mtu aliyekumbuka jambo. "Halafu, hebu niambie. Nimepiga hodi pale mlangoni, ukanijibu. Mbona umeniita Samir?"

"Nimesema nini?"

"Umesema, 'Karibu, Samir.' Nimekusikia wazi kabisa."

Khalil alipokwenda kuinyanyua kompyuta waipeleke garini, Wadha alimdaka mkono.

"Usiiguse. Twende."

Walishuka wameshikana. Ukumbini tope lilikuwa jembamba, limetandaa kutoka mlangoni mpaka chini ya ngazi, na Khalil alilimulika kwa simu yake akitafuta yalikotoka maji. Hakuyaona. Wadha aliacha taa inawaka na funguo kwenye kitasa.

Ansab, Bi Bakhita alikuwa amekaa barazani, shela safi kichwani, chetezo cha udi mbele yake kama anayengoja mgeni. Alitazama nyuma ya Wadha, nyuma ya Khalil, mpaka kwenye gari.

"Yuko wapi?"

"Nimeiacha, mama."

"Umemwacha," alisema Bi Bakhita. "Umemfungia mlango ndugu yako."

Akainuka kwa fimbo yake, akaingia chumbani. Siku zilizofuata hakusema na Wadha hata salamu. Reem ndiye aliyempelekea chakula, na sahani zilirudi zimeguswa tu.

Nyumba ilivunjwa wiki ileile. Khalil, ambaye si mtu wa kuamini haraka, alikwenda kwenye kampuni ya simu kuifunga namba, akauliza kwa njia ya maskhara ni nani aliyekuwa akiipiga. Kijana wa pale alitazama kwenye mashine yake, akatazama tena, akacheka kidogo. Kwa muda wote unaoonekana, alisema, simu zilizoingia zilitoka namba moja tu, nazo ziliingia kila Alkhamisi, isipokuwa zile za jioni ya mwisho. Namba hiyo ilikuwa ileile ya nyumba.

"Yaani nyumba ilikuwa ikijipigia yenyewe?" Khalil alimuuliza.

"Hitilafu ya laini kongwe, bila shaka," kijana alisema. Lakini hakucheka tena.

Alkhamisi ikafika. Baada ya Alasiri Bi Bakhita alitoka chumbani amevaa buibui, akasimama ukumbini, kama anayesahau kuwa hakuna tena pa kupelekwa. Wadha alimuona pale, mdogo, fimbo mkononi, na moyo wake ukakatika. Akazikusanya simu zote za nyumba, yake, ya Khalil, ya Reem, akazitia kabatini chini ya mablanketi. Kisha akamshika mama yake mkono akamtoa nje, mpaka mwisho wa uwanja, penye ukuta wa upande wa jabali.

"Mama, nina jambo nataka kukwambia. Baba alitaka tukwambie zamani."

Bi Bakhita alitazama pembeni. Wadha akainama, akaweka mdomo kwenye sikio la mama yake, akamwambia habari za jino. Jinsi lilivyong'oka. Nani alilitwaa. Lilitiwa mfuko gani. Na wapi Mzee Marhoon alilikuta wakati wa kuosha maiti.

Bi Bakhita akauliza, kwa sauti ya mtu anayeamka usingizini, "Mfuko wa dishdasha?"

"Ndiyo, mama."

"Ile niliyompigia pasi mwenyewe?"

"Ile ile."

Fimbo ikaanguka. Wadha alimdaka wakaenda chini pamoja, kwenye changarawe, na mama yule akalia kilio alichokiweka kifuani miaka yote ile. Alimtaja mwanawe kwa jina. Akasema innalillahi. Akaomba apelekwe kaburini kesho, apajue mahala alipolala. Wadha alimpakata kama mtoto, naye akilia, na kwa mara ya kwanza aliona kuwa pengine yamekwisha.

Jua liliingia nyuma ya jabali. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikawa pumzi tu. Bi Bakhita akajifuta macho kwa ncha ya shela. Halafu Wadha alihisi mwili wa mama yake ukikakamaa mikononi mwake.

"Wadha."

"Labeka, mama."

"Kama mwanangu alikuwa kaburini... mie nilikuwa nnazungumza na nani?"

Wadha akaiokota fimbo.

"Manake nimemwambia kila kitu," Bi Bakhita alinong'ona, macho yake yakielekea nyumbani, ambako taa za ukumbini zilikuwa zimeanza kuwashwa. "Lango letu la rangi gani. Mlango upi haufungwi. Reem analala chumba gani."